Ghala la Great Coxwell: kanisa la wamonaki lilibomolewa, shamba lao likabaki

Kuna kijiji kinaitwa Great Coxwell huko Uingereza, jirani na mji mdogo wa Faringdon, zamani kilihesabiwa Berkshire na tangu 1974 kiko Oxfordshire. Pembeni ya kijiji kuna shamba la siku nyingi sana na kwenye shamba hilo kuna ghala moja la mawe ambalo mbao zake zilikatwa miaka ya 1290, na bado limesimama, paa juu, nguzo ndani, kila kitu. Ghala hilo lilikuwa mali ya wamonaki, yaani watawa wa kiume, wa abasia (monasteri kubwa) ya Beaulieu, ambayo yenyewe iko mbali kule kusini kwenye msitu wa New Forest, karibu na bahari. Sasa ukienda Beaulieu kulitafuta kanisa la hao wamonaki hulikuti. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, moja ya makanisa makubwa kabisa ya shirika lao Uingereza nzima, na leo kilichobaki ni alama za msingi kwenye majani na vipande vya kuta.

Yaani pa kusalia pameondoka, pa kuwekea ngano pamebaki. Mwenyewe mmoja, zama zile zile, mafundi wa kiwango kile kile. Nimekaa na kisa hiki muda mrefu na naona watu wengi wanaoandika kuhusu Great Coxwell wanaishia kwenye uzuri wa ghala, ambao ni kweli upo, lakini hawaulizi swali lenyewe, kwamba hivi kwa nini hili limepona na vingine vyote havikupona. Jibu langu nalisema mapema: halikupona kwa sababu ya heshima ya dini wala kwa sababu mtu aliliona zuri, limepona kwa sababu kwa miaka zaidi ya 600 hapakuwa na mwaka ambao mkulima wa pale hakulihitaji. Uzuri ulikuja kulisaidia mwishoni kabisa.

Tuanze na jinsi ardhi ilivyofika kwa wamonaki, maana hapo pana mambo.

Mfalme John wa Uingereza, yule yule wa Magna Carta, ile hati ya kumwekea mfalme mipaka, aliingia madarakani 1199 na mwaka uliofuata akagombana kuhusu kodi na Wasistersiani, shirika la wamonaki ambalo ndilo la hawa wa Beaulieu. Alikuwa anatafuta hela ya kumlipa mfalme wa Ufaransa, na hawa wamonaki wakasema sisi tumesamehewa, hatutoi. Maabate, yaani wakuu wa abasia zao, wakamfuata Lincoln mwezi wa 11 mwaka 1200 kumwomba radhi na wakapatana, na katika kupatana huko John akaahidi kuwajengea abasia. Wamonaki wenyewe baadaye walikuwa wanasimulia kwamba mfalme aliota usiku amesimama mbele ya hakimu na maabate wakaamriwa wamchape viboko, akaamka bado anasikia maumivu mgongoni, ndo akanyoosha mkono. Hiyo ni hadithi yao, mtu aipokee anavyotaka, ila ahadi ilitekelezwa kweli: 1203 akawapa ardhi ya Faringdon pamoja na Great Coxwell na vijiji vingine vya karibu, halafu 1204 akabadilisha mpango, akaamua abasia yenyewe ijengwe kule New Forest, wakaletwa wamonaki 30 kutoka Cîteaux Ufaransa, na Faringdon ikageuka kuwa mali ya hiyo abasia mpya ya Beaulieu.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Wasistersiani walianza 1098 pale Cîteaux kama watu waliochoshwa na utajiri wa monasteri za wakati ule. Wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, hiyo hiyo wanayoifuata Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda kwetu, lakini wao walitaka kuishika kavu kavu, na moja ya masharti yao ya mwanzo ilikuwa wasiishi kwa jasho la wengine. Wasipokee zaka za watu, wasiwe na vijiji vyenye watwana, wasikae wanakusanya kodi ya nyumba na vinu vya kusagia. Walime wenyewe. Sasa John aliwapa nini? Aliwapa eneo zima la kifalme lenye mji ndani yake, wapangaji, na wakulima waliofungwa na ardhi ambao sheria iliwalazimisha kufanya kazi kwenye shamba la bwana siku kadhaa kwa wiki. Yaani zawadi yenyewe ilikuwa kinyume na kanuni tangu siku ya kwanza, na wakaipokea. Na 1218 abate wa Beaulieu akapata kibali cha mfalme Henry III cha kuwa na soko la kila wiki Faringdon, ambalo watu wa mji ule wanalo mpaka sasa. Silisemi hili kuwadharau. Nalisema kwa sababu mtu akishasikia "shamba la wamonaki" picha inayomjia ni watawa wachache na majembe mikononi wanalima kimya kimya, na kwa Great Coxwell picha hiyo haitoshi. Tangu mwanzo pale palikuwa na wanakijiji waliokuwepo kabla ya abasia na waliobaki baada ya abasia, na jasho lao limo kwenye ngano iliyoingia ghalani.

Mfumo wenyewe ulikuwaje? Wasistersiani walikuwa na aina mbili za watawa. Kuna wale wa kwaya, wanaosoma Kilatini na kusali saa zote, na kuna mabruda wa kazi, wengi wao hawajui kusoma, wenye ndevu, waliweka nadhiri kama wenzao lakini maisha yao ni shamba, mifugo, karakana, useremala. Hawa mabruda ndo walikuwa injini ya shirika. Abasia inakuwa na mashamba yake makubwa huku na huku, kila shamba na maghala yake, zizi, sehemu ya kulala na kikanisa kidogo, na bruda mmoja anayesimamia. Kanuni ilitaka shamba lisiwe mbali zaidi ya mwendo wa siku moja kutoka abasia ili Jumapili na sikukuu mabruda warudi kusali na wenzao. Great Coxwell iko karibu kilomita 90 kutoka Beaulieu kwa mstari ulionyooka. Kwa njia za karne ya 13 hapo hakuna wa kwenda na kurudi kwa siku moja. Kwa hiyo upande wa Faringdon ukaendeshwa kama kitengo kinachojitegemea, na kipo kwenye daftari la hesabu za Beaulieu la mwaka 1269 hadi 1270 ambalo kwa bahati nzuri limehifadhiwa mpaka leo.

Hilo daftari ni kitu cha ajabu, linastahili kusemwa zaidi ya sentensi moja. Kila idara ya abasia inatoa hesabu yake: mashamba, jiko la mikate, fundi viatu, fundi nguo, mhunzi, mtunza sufu, kila mmoja anasema ameingiza nini, ametoa nini, kimebaki nini, na vitu vinawekewa thamani ya hela hata kama havikuuzwa, kusudi ijulikane idara ipi inajilipa na ipi inakula tu. Hao ni watu wa karne ya 13! Wahasibu wetu wa leo wakiona wanaelewa moja kwa moja wanachokiangalia. Na ukishajua kwamba wenye shamba walikuwa wanahesabu hivyo, unaacha kushangaa kwa nini miaka ishirini na kitu baadaye waliweka hela nyingi kiasi kile kwenye ghala. Walikuwa wanajua nafaka inayopotea kwa kulowana na panya ina thamani gani.

Sasa tuingie ndani ya ghala lenyewe.

Urefu wake ni futi 152, kama mita 46, upana futi 44, na kilele cha paa kipo futi 48 juu, karibu mita 15. Kuta ni za mawe ya Cotswold, yale yenye rangi ya asali, mengi hayajachongwa yamepangwa tu kwa chokaa, ila kwenye pembe na kwenye zile nguzo za nje zinazoegemeza ukuta mawe yamechongwa safi kabisa. Paa limeezekwa kwa vigae vya mawe, sio udongo, mawe yaliyopasuliwa bapa, vile vikubwa vinakaa chini karibu na ukuta na vinaendelea kupungua ukubwa mpaka juu. Uzito wa paa la namna hiyo ni wa kutisha. Na huo uzito hauchukuliwi na kuta tu, ndani kuna safu mbili za nguzo za mwaloni zinazoligawa ghala sehemu tatu kwa upana, ya katikati pana na mbili nyembamba za pembeni, mpangilio ule ule wa kanisa kubwa lenye nguzo pande mbili. Juu ya nguzo kuna kenchi nzito zilizofungwa kwa vigingi vya mbao, na vipande vya mwaloni vilivyopinda vinatoka kwenye nguzo kwenda kushika boriti kila upande.

Angalia chini ya nguzo. Hakuna nguzo iliyofika sakafuni. Kila moja imekaa juu ya kiguzo cha mawe chenye kimo cha kama mita mbili, yaani mtu mrefu akisimama hapo mbao inaanzia juu ya kichwa chake. Fundi aliyefikiria hivyo alipata faida kama tatu kwa mpigo. Kwanza mbao haigusi unyevu wa chini, na mwaloni ukiwa mkavu na unapata hewa hauozi upesi, mbao za majengo ya zamani zinaanzaga kuoza miguuni. Pili, miti mirefu na minene ya kutosha haikuwa rahisi kupatikana hata zama hizo, ukipandisha kwa mawe unaokoa mita mbili kwenye kila nguzo. Tatu, mikokoteni ikiingia na kugeuka ndani inagonga jiwe, haigongi mbao. Kama kuna jibu moja la kiufundi la kwa nini ghala limefika karne ya 21 ni hivyo viguzo, na kwa maoni yangu vinastahili kusifiwa kuliko kitu kingine chochote pale ndani.

Umri wake nao ulisumbua wataalamu. Muda mrefu walikuwa wanaliweka katikati ya karne ya 13. Miaka ya 1960 Walter Horn na Ernest Born kutoka Chuo Kikuu cha California wakalipima inchi kwa inchi na kulichora lote, kazi kubwa sana, na baadaye ikaja njia ya kuhesabu pete za miaka ndani ya mbao ikaonyesha miti ilikatwa karibu 1291 na 1292. Mafundi wa zamani walikuwa wanaufanyia kazi mwaloni ukiwa bado mbichi maana ukikauka unakuwa mgumu kama chuma, kwa hiyo kukatwa na kujengwa havipishani sana.

Watu wengi wanaliita ghala la zaka, na hata baadhi ya vitabu vya zamani vinaandika hivyo, lakini kazi yake haikuwa hiyo. Zaka ni sehemu ya kumi ya mavuno ya wanaparokia inayokwenda kwa kanisa. Hili lilikuwa linapokea mavuno ya shamba la abasia wenyewe. Tofauti hiyo ni ya msingi kwenye kisa chetu, kwa sababu ghala la zaka linategemea haki ya kanisa, haki ikifutwa ghala linakosa kazi, ila ghala la shamba linategemea shamba tu. Nani anamiliki, ni mkatoliki au mprotestanti, ni abate au mpangaji, ngano haiulizi.

Kazi ya ndani ilikuwa hivi. Wakati wa mavuno mikokoteni inaingia imejaa miganda ya ngano na shayiri, haijapurwa bado, na inapangwa juu mpaka karibu na kenchi. Ndo maana ghala ni refu kwenda juu vile, linahifadhi miganda mizima na majani yake, gunia moja la ngano safi linatoka kwenye rundo kubwa mno la miganda. Halafu kupura kunafanyika taratibu kipindi chote cha baridi ambapo shambani hakuna kazi nyingi: miganda inashushwa, inatandazwa sakafuni, watu wanasimama wanapiga kwa fimbo mbili zilizoungwa kwa ngozi, siku nzima, vumbi tupu. Kisha inapepetwa, makapi yanaenda na upepo, nafaka inabaki. Pande za urefu kuna vibaraza viwili vilivyochomoza, kimoja mashariki kingine magharibi, na juu ya kile cha magharibi kuna chumba kidogo, wataalamu wanaona kilikuwa cha bruda msimamizi. Kwa watu waliotuachia daftari lile la 1269 inaniingia akilini kabisa kwamba palikaa mtu wa kuhesabu kila mkokoteni unaoingia na kila gunia linalotoka.

Tatizo la mabruda ni kwamba waliisha. Tayari mwishoni mwa karne ya 13 idadi yao ilikuwa inashuka kwenye nyumba nyingi za Wasistersiani, kijana wa kijijini alikuwa anaweza kupata maisha mengine au kujiunga na Wafransisko, halafu 1348 na 1349 ikaingia tauni ikaua sehemu kubwa ya watu wa Uingereza, makadirio mengi yanasema kati ya theluthi moja na nusu. Wafanyakazi wakawa adimu, ujira ukapanda, na abasia nyingi zikaona bora kuacha kulima zenyewe na kukodisha mashamba kwa mtu anayelipa kiasi kinachojulikana kila mwaka. Ukiangalia vizuri, hapa ndo shamba la Great Coxwell lilipoacha kuwa shamba la wamonaki kwa maana ya kazi, miaka mingi kabla halijaacha kuwa lao kwa maana ya makaratasi. Ndani ya kanisa la kijiji, Mtakatifu Giles, kuna bamba la shaba kwenye kaburi la William Morys la karibu 1500, limemwandika kwamba aliwahi kuwa ndiye aliyelikodi shamba la Coxwell, pamoja na mkewe Johane. Sio bruda, sio mtawa. Mtu na mke wake, wana uwezo wa kutosha kuagiza shaba ya kaburi. Wakati huo abasia bado ipo na bado inapokea kodi.

Hilo bamba mimi naliona ndo ushahidi mkubwa kuliko wote kwenye hiki kisa. Linatuambia kwamba siku wamonaki walipoondolewa, shamba lilikuwa limeshazoea miaka mingi kuendeshwa na familia.

Na kuondolewa kulikuja. Henry VIII alijitenga na Roma 1534, 1535 akatuma watu kuorodhesha mapato yote ya kanisa, 1536 bunge likafuta nyumba za watawa zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka. Beaulieu ilikuwa juu ya hapo ikapona raundi ya kwanza, hata wamonaki wa abasia ya Netley iliyofungwa wakahamia kwake na abate wao Thomas Stevens akawa abate wa Beaulieu. Hakukaa sana, mwezi wa 4 mwaka 1538 akaikabidhi kwa mfalme. Eneo la Beaulieu likaenda kwa Thomas Wriothesley, mmoja wa watu wa karibu wa serikali. Muda huo huo mfalme anaogopa kuvamiwa na Ufaransa na Hispania, anajenga ngome za Calshot na baadaye Hurst kwenye pwani ya Solent, ule mkono wa bahari karibu na Beaulieu, na mawe na risasi (ile metali nzito) ya paa la kanisa la Beaulieu vikawa material ya karibu kabisa. Kanisa likabomolewa.

Lakini angalia ni nini hakikubomolewa pale pale Beaulieu. Ukumbi wa kulia chakula wa wamonaki ukapewa wanakijiji ukawa kanisa la parokia, na mpaka leo wanasali humo. Jengo la lango kuu likageuzwa nyumba ya bwana mpya, ndo Palace House ya sasa. Bweni la mabruda nalo sehemu yake ipo. Kila kilichopata matumizi mapya ndani ya miaka michache kimebaki, na kile ambacho hakuna aliyejua cha kukifanyia, kanisa la mita 100 lisilo na wamonaki, kimeliwa jiwe kwa jiwe. Siwezi kuliita hilo bahati.

Great Coxwell hali ilikuwa tofauti zaidi, maana pale hapakuhitajika hata matumizi mapya. Sheria za kufuta monasteri zililinda mikataba ya upangaji iliyokuwepo tayari, zilichofuta ni ile iliyofanywa haraka haraka ndani ya mwaka mmoja kabla, kuzuia maabate wasigawe mali kwa marafiki. Mpangaji mwenye mkataba wa zamani akaendelea, kilichobadilika ni jina la anayepokea kodi. Mavuno ya 1538 yalihitaji paa kama yale ya 1537. Ukiezua ghala kuuza vigae unapata hela mara moja, halafu kodi ya shamba inashuka kila mwaka kwa sababu hakuna pa kuweka nafaka. Mtu yeyote aliyelipokea shamba lile alipiga hesabu hiyo.

Kuna anayeweza kusema, mbona ghala jingine la abasia hiyo hiyo halikupona? Swali zuri, na lazima lijibiwe. Beaulieu walikuwa na shamba jingine la St Leonards, karibu na abasia yenyewe upande wa bahari, na ghala lake lilikuwa kubwa kuliko hata hili la Coxwell. Leo ni gofu. Kuta za mwisho zimesimama bila paa, na ndani ya gofu, humo humo, kuna ghala dogo lililojengwa baada ya wamonaki kuondoka, limeegemea mawe ya lile kubwa. Ukiliona kwenye picha unaelewa yote. Mkulima aliyekuja baadaye alihitaji ghala, ila sio kubwa vile. Ardhi ya New Forest kwa sehemu kubwa ni ya mchanga na vichaka, sio ya ngano nyingi, na lile ghala lilikuwa limejengwa kwa mahitaji ya abasia nzima yenye watu wengi wa kulishwa na wageni wa kila siku. Abasia ikifa, mahitaji yale yanakufa nayo. Great Coxwell iko kwenye ukingo wa bonde la White Horse, ardhi ya nafaka hasa, na ghala lake linalingana na mazao ya shamba lake, sio na njaa ya abasia iliyoko kilomita 90. Huo ni usomaji wangu, na nausimamia. Hapo ndo naona tofauti ya haya maghala mawili, sio kwenye ubora wa mafundi.

Baada ya hapo miaka mingi inaenda bila makubwa na mimi sitaichosha hadhira. Shamba lilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa, mwishowe likaingia kwenye milki ya Coleshill, kijiji cha jirani, ya ukoo wa Pratt na baadaye Pleydell-Bouverie. Karne ya 18 mikokoteni ikawa mikubwa zaidi, basi wakatoboa kuta za mwisho wakaweka milango mipana pande zote mbili. Wapenzi wa majengo ya kale wanaisikitikia hiyo milango kwa sababu sio ya asili. Mimi naiona kinyume, ile milango ndo iliyoliokoa ghala karne hiyo, maana ghala lisiloingiza mkokoteni wa kisasa linaachwa, na likiachwa vigae vinaanza kuteleza, maji yanaingia kwenye kenchi, miaka 30 kwisha habari.

Ndo sasa uzuri unaingia kwenye stori, na umechelewa kweli. 1871 William Morris, mshairi na msanii, alikodi nyumba Kelmscott, kilomita chache kutoka hapo, na akawa analipenda ghala hili kupita kiasi, anawapeleka wageni wake kulitazama na kulilinganisha na kanisa kuu. 1877 akawa mmoja wa walioanzisha chama cha kulinda majengo ya kale dhidi ya "ukarabati" uliokuwa unafuta historia. Sauti ya mtu kama yule ilisaidia watu waanze kuliona ghala la shambani kama kazi ya sanaa. Ila tusisahau kwamba alilikuta linatumika.

Kitu kingine cha kujifunza jirani: nyumba ya mabwana wenyewe, Coleshill House, jumba la karne ya 17 lililosifiwa Uingereza nzima, lililochorwa na Roger Pratt. 1940 eneo lake likawa kituo cha siri cha kufundishia watu wa kupambana na Wajerumani kama wangevamia, wakaondoka likiwa zima, na 1952 likiwa kwenye matengenezo likaungua, likabomolewa lote. Milki nzima ilishanunuliwa na Ernest Cook, mjukuu wa Thomas Cook yule wa safari za kitalii, ambaye baada ya familia kuuza biashara 1928 alitumia utajiri wake kununua mashamba na majumba ya zamani yasigawanywe. Alifariki 1955, na 1956 Coleshill pamoja na ghala la Great Coxwell vikaingia mikononi mwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo na ardhi za kihistoria, kwa wosia wake.

Sasa hivi ghala liko wazi kwa wageni, unaingia, unatoa mchango mdogo, unatazama juu. Mashamba ya milki ya Coleshill bado yanalimwa na wapangaji, ila kombaini inapura huko huko shambani na nafaka inaondoka na lori, haijui habari za kenchi za 1292. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu lijengwe hili ghala halina mkulima anayelihitaji, linategemea watu wanaolipenda, na historia yote niliyoieleza hapo juu inaonyesha kwamba majengo ya wamonaki yaliyobaki bila kazi hayakudumu, hata yale yaliyopendwa sana. National Trust wanalitunza vizuri na kutengeneza paa lile la mawe ni kazi ya hela nyingi na mafundi wachache. Lakini mimi ningefurahi wangelirudishia walau kazi kidogo, hata kama ni miganda ya ngano ya shamba moja tu kila mwezi wa 8, ishushwe kwa mikono, ipurwe pale kwenye sakafu ile, na watoto wa Faringdon waletwe washike fimbo wenyewe.